Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu Alberta: 11 Novemba tusiweke shughuli, twendeni Nanton

Kwa wenyeviti, makatibu, waweka hazina na kamati zote za jumuiya zetu hapa Alberta, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda, nyie wote mnaotuitisha vikao kwa Kiswahili na kutuchangisha kwa Kiswahili.

Wakubwa shikamooni, wa rika langu poleni na kazi.

Naandika hadharani kwa sababu kwenye kikao nimeshalisema hili jambo nikajibiwa "tumelipokea", na sote tunajua kwetu jambo likishapokelewa ndo limezikwa. Sasa nalisema mbele za watu ili asije mtu akasema hakusikia.

Jambo lenyewe ni tarehe 11 Novemba, Remembrance Day, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kila mwaka ikikaribia matangazo yanaanza kumiminika, mara harambee, mara sendofu, mara kichen pati, mara bonanza la vijana, na sababu ni ileile kwamba siku hiyo Alberta ni mapumziko, watu hawaendi kazini na kila mtu anapatikana. Saa tano kamili asubuhi nchi nzima inanyamaza dakika mbili, watu wazima na vitoto wamesimama nje kwenye baridi na ua jekundu kifuani, na sisi saa hiyohiyo kwenye ukumbi wetu didjei anajaribu maiki, halo halo, moja mbili, moja mbili. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanatuangalia tu manake shuleni wameshafundishwa siku hiyo ni ya nini, wanaona aibu na hawasemi kwa sababu tumewalea wasijibizane na wakubwa.

Sisemi tusifurahi. Mimi mwenyewe kwenye sherehe nipo meza ya mbele, mnanijua. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo moja shughuli zisogezwe jioni au wikendi inayofuata, asubuhi tukodi basi tuwachukue watoto twende Nanton kwenye makumbusho ya ndege za vita, na tukifika pale tuwasimulie habari za kijana mmoja tu. Wengine watawajua wenyewe wakikua. Huyo mmoja anaitwa Harlo Taerum, kijana wa hapahapa Alberta aliyekufa vitani.

Mimi ni dereva wa lori kama wengi wenu mnavyojua, napita Haiwei 2 kushuka kusini mpaka Lethbridge, na wengi humu mnapita hiyo njia mkienda kwenye viwanda vya nyama au kutembelea ndugu. Ukitoka Calgary unapita High River, halafu Nanton, halafu Claresholm. Ukiwa na haraka unaona ni vimji vya kujaza mafuta na kununua kahawa. Lakini miaka ya Vita ya Pili ya Dunia hizi sehemu zote zilikuwa na viwanja vya kufundishia marubani, High River kilikuwepo, Claresholm kilikuwepo, Vulcan kilikuwepo, Edmonton kulikuwa na shule ya watu wa ramani za angani. Kanada nzima ilifundisha zaidi ya watu 131,000 wa kurusha na kuhudumu ndegeni kwa ajili ya ile vita, Waingereza, Waaustralia, wa New Zealand na wenyewe Wakanada, kwa sababu huku ni tambarare, anga ni kubwa na Mjerumani hafiki. Pale Nanton ndo kuna makumbusho ya ndege za mabomu, na ndani kuna Lancaster yenyewe, ndege ya injini nne, siku za maonyesho wanaziwasha na mlio wake unausikia tumboni kabla ya masikioni.

Harlo alizaliwa mwaka 1920 Milo, kijiji kidogo kusini mashariki ya Calgary karibu na ziwa McGregor. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Norway, alikuja na lugha yake na lafudhi yake kulima ardhi ya watu wa mbali, kwa hiyo huyu kijana alikuwa mtoto wa mhamiaji kama hawa wetu, nalisema hili mapema manake najua kuna mtu ameshaanza kusema hayo ni mambo ya wenye nchi. Baba alizama majini akafa Harlo akiwa bado mdogo, mama akabaki na watoto na shamba. Kijana alikuwa na kichwa cha shule. Vita ilipoanza akajiandikisha jeshi la anga la Kanada, na wakamfanya navigeta, yaani mtu wa kupiga hesabu za njia ya ndege.

Hapo kwenye unavigeta naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo utamu wa habari ulipo, na ndo sababu nimemchagua yeye nikaacha marubani ambao kila mtu anawajua.

Kwenye Lancaster walikuwa saba. Rubani, fundi wa injini pembeni yake, mlengaji wa mabomu amelala puani kwa chini, mtu wa redio, wapiga bunduki wawili, na navigeta. Huyu navigeta alikuwa anakaa nyuma ya rubani, ametazama ubavu wa kushoto wa ndege, meza ndogo mbele yake, taa ndogo juu yake na pazia limefungwa ili mwanga usitoke nje adui akauona. Yaani mtu anasafirishwa mpaka Ujerumani na kurudi, masaa sita, saba, nane, mizinga inapasuka nje, na yeye amekaa nyuma ya pazia na penseli, rula na ramani anapiga hesabu. Jipiesi hakuna. Walikuwa na chombo kinaitwa Gee kinachopokea mawimbi kutoka Uingereza, kilikuwa kizuri mpaka Wajerumani walipojifunza kukivuruga, kwa hiyo ukishavuka bahari kwa sehemu kubwa unarudi kwenye saa, dira, spidi na upepo.

Upepo ndo adui. Madereva wenzangu mnajua ile barabara ya kusini upepo wa kutoka milimani unavyolisukuma lori tupu mpaka unashika usukani kwa mikono miwili, sasa sisi chini kuna mstari mweupe wa kutuonyesha tumesukumwa kiasi gani, kule juu usiku hakuna mstari, navigeta ndo anauchora mwenyewe kichwani kwa hesabu. Na hesabu haina huruma, ukikosea digrii moja tu, kila maili 60 umeshatoka njiani maili moja, sasa piga safari ya maili mia nne uone umefika mji gani. Wapo waliokufa siyo kwa kulengwa vizuri, walikufa kwa kupita juu ya mji wenye mizinga ambao hawakutakiwa kuupita.

Harlo kazi hii aliiweza. Alikuwa skwadroni ya 50, yaani kikosi cha ndege, na Machi 1943 rubani mmoja Muingereza anaitwa Guy Gibson, kijana wa miaka 24 tu, akapewa kuunda skwadroni mpya ya 617 kwa kazi ya siri, Harlo akawa navigeta wa ndege ya Gibson mwenyewe. Yaani navigeta wa kiongozi, ukipotea wewe wamepotea wote wanaokufuata.

Kazi ya siri ilikuwa kubomoa mabwawa ya Ujerumani, Möhne, Eder na mengine, hasa Möhne ndo lilikuwa linapeleka maji na umeme kwenye viwanda vya silaha vya Ruhr. Bomu lilitengenezwa na injinia Barnes Wallis, lina umbo la pipa, uzito zaidi ya tani nne, linazungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa ili likigusa maji lirukeruke mpaka ukutani, halafu lizame lilipukie chini. Lakini ili liruke inabidi ndege iwe juu ya maji kwa futi 60 kamili. Futi 60 ni mita 18 jamani, ghorofa sita tu, usiku, ndege ya injini nne, na vipimo vya urefu vya enzi zile havikuweza kusoma udogo huo. Kwa hiyo wakafunga taa mbili chini ya tumbo la ndege, zimeelekezwa ili miale yake ikutane kwenye maji ndege ikiwa futi 60 sawasawa. Na mtu wa kuangalia hizo taa alikuwa navigeta. Pale mwishoni Harlo anaacha ramani zake, anasogea kwenye kioo kilichovimba upande wa kulia, anachungulia chini anaongea na rubani, shuka, shuka, panda kidogo, hapohapo, na wakati huo taa zimewaka maana yake kila mzinga pale kwenye bwawa unakuona ulipo. Kijana wa Milo, miaka 22, wiki hiyo alikuwa anaelekea 23.

Usiku wa 16 Mei 1943 waliruka saa tatu na nusu hivi usiku kutoka Scampton, uwanja wa jeshi kule Uingereza, ndege 19, watu 133, na kati yao Wakanada ni kama thelathini. Walikwenda chinichini kama futi mia ili rada isiwaone, kuna ndege ziligonga nyaya za umeme zikaishia hapo. Upepo uliwasukuma wakaingia Uholanzi sehemu yenye mizinga ambayo siyo waliyoipanga, Harlo akarekebisha, wakafika. Gibson ndo wa kwanza kushambulia Möhne na Harlo ndo anasoma taa. Bomu lao lililipuka karibu na ukuta ila haukuvunjika. Ndege ya pili, ya rubani Hopgood, ikatunguliwa. Gibson badala ya kukaa pembeni akawa anaruka sambamba na wanaofuata ili mizinga igawanyike, na Harlo yumo ndani humohumo, hana bunduki, hana cha kushika zaidi ya penseli. Bomu la tano ndo likabomoa. Halafu hawakurudi nyumbani, wakaenda Eder, mabonde yamejaa ukungu, kulitafuta tu lile bwawa ilikuwa kazi, nalo likabomoka. Wakatua saa kumi na robo alfajiri.

Ndege nane kati ya 19 hazikurudi. Watu 53 wamekufa usiku mmoja, watatu wakashikwa mateka.

Mfalme na malkia wakaenda Scampton kuwapa mkono, Juni malkia akawavisha nishani London, Harlo akapata DFC, nishani ya ushujaa angani, magazeti ya Kanada yakamwandika, mama yake akawa mama wa shujaa. Gibson akapumzishwa kurusha, akapelekwa ziara Kanada na Marekani kuwapa watu moyo, na kwenye hiyo ziara Septemba 1943 alifika hapahapa Calgary akakutana na mama yake Harlo. Kuna picha yao. Mimi hiyo picha nimeitazama sana, mama wa watu anatabasamu, amekaa na bosi wa mwanaye anayetoka naye vitani juzijuzi, bila shaka anauliza anakula vizuri, analala vizuri, maswali ambayo mama yeyote wa kwetu angeuliza.

Siku chache baadaye, usiku wa 15 kuamkia 16 Septemba, skwadroni ikatumwa kwenye mfereji wa Dortmund-Ems, Lancaster nane, kila moja na bomu la kilo kama 5,400. Gibson hayupo, ndege inaongozwa na kiongozi mpya, Holden, na amewachukua watu wanne wa Gibson wa ule usiku wa mabwawa, Harlo, Hutchison wa redio, Spafford mlengaji wa mabomu kutoka Australia, na Deering wa bunduki za mbele. Wanaruka chinichini tena. Walipofika Nordhorn, mji mdogo mpakani na Uholanzi, mzinga ukaipata ndege ya Holden. Wote nane waliokuwemo wamekufa. Kati ya ndege nane zilizoenda hazikurudi tano, na mfereji haukubomoka.

Harlo alikuwa na miaka 23. Amezikwa Reichswald, makaburi ya vita karibu na Kleve, Ujerumani, pamoja na wenzake zaidi ya 7,000.

Na siyo mwisho. Wale saba wa ndege ya Gibson usiku wa mabwawa hakuna hata mmoja aliyeiona amani. Wanne ndo hao. Pulford fundi injini alikufa Februari 1944, Trevor-Roper wa bunduki ya nyuma akafa Machi 1944 shambulio la Nuremberg, Gibson mwenyewe akaanguka Steenbergen, Uholanzi, Septemba 1944 akiwa na navigeta mwingine. Na mama yule wa kwenye picha, mdogo wake Harlo anaitwa Lorne naye alijiandikisha, akawa mpiga bunduki kwenye ndege za mabomu, akauawa mwanzoni mwa 1945, miezi michache vita haijaisha. Kwenye ule ukuta wa graniti nyeusi pale Nanton kuna majina ya Wakanada zaidi ya 10,600 waliokufa kwenye ndege za mabomu, ukitafuta Taerum utakuta wawili. Hapo ndo nataka mtoto wangu asimame aweke kidole.

Sasa nazijua hoja zenu, nimezisikia kwenye kikao nikiwa nimekaa kimya.

Ya kwanza ni "hiyo vita ya wazungu". Mzee mmoja aliisema na watu wakapiga makofi. Mzee wangu, kwa heshima zote, humu ndani kuna familia ngapi zina babu aliyekuwa Keya, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki? Kwetu waliporudi walikuwa wanasema wametoka Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, na watoto tukidhani Bama ni sehemu fulani ya Tanganyika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na malaria, ikafika Kalewa. Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kuelekea Colombo imejaa askari wa mizinga kutoka kwetu pamoja na manesi, nyambizi ya Japani ikaizamisha karibu na Maldivi, wakafa zaidi ya watu 1,200. Hao wote walikuwa upande mmoja na Harlo, vita ileile, miaka ileile. Sasa ukiwaambia watoto haituhusu, umewafuta na babu zao kwa mkono wako mwenyewe.

Halafu hata kwenye hizo ndege hawakuwa wazungu watupu. Kulikuwa na navigeta wa Sierra Leone, Johnny Smythe, alitunguliwa Novemba 1943 akashikwa mateka na Wajerumani wakashangaa kumwona ofisa mweusi. Kulikuwa na Ulric Cross wa Trinidad, navigeta kwenye ndege za Mosquito skwadroni ya 139, safari 80 za vita, nishani za DSO na DFC. Na huyu Cross Watanzania mnatakiwa kumjua manake baada ya vita alisoma sheria, akafanya kazi Ghana na Kameruni, halafu kuanzia 1967 mpaka 1971 akawa jaji wa Mahakama Kuu Tanzania. Yaani wazee wetu walisimama mahakamani Dar mbele ya mtu aliyewahi kukaa ndegeni vitani na ramani na penseli, kazi ileile ya Harlo, tofauti ni kwamba yeye alirudi akaishi mpaka miaka 96. Harlo angerudi angekuwa nani, hatujui.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, aliitoa dada mmoja kijana anayesoma chuo na siwezi kuipuuza. Alisema mnataka tuwasifie watoto watu waliomwaga maji juu ya raia waliolala. Ni kweli. Bwawa la Möhne lilipobomoka wamekufa watu zaidi ya 1,300, na wengi wao hawakuwa hata Wajerumani, walikuwa wafanyakazi wa lazima waliofungiwa kambini Neheim, wanawake kutoka Ukraine, Urusi na Poland waliotekwa makwao, maji yakawakuta kwenye mabanda. Hili lisemwe palepale Nanton, tena kwa sauti. Mimi sitaki mwanangu afundishwe kwamba mabomu ni mchezo wa taa na mapipa yanayoruka. Wakanada wenyewe hili limewatoa jasho, mwaka 2007 jumba la makumbusho ya vita kule Ottawa lilibidi libadilishe maandishi yake kuhusu mashambulizi ya mabomu baada ya maveterani kulalamika kwamba wameonyeshwa kama wauaji, mpaka maseneta wakaingilia. Na alama ya heshima ya kubandika kwenye utepe wa nishani kwa hao wa ndege za mabomu Kanada imekuja kutolewa 2013, wengi walishakufa siku nyingi.

Kwa hiyo dada yangu nakujibu hivi, kumkumbuka siyo kumsifia. Huyu alikuwa mtoto wa miaka 22 aliyepewa kazi na wakubwa, akaifanya kwa akili zake zote, na kazi hiyo ikaua watu wasiomkosea kitu, halafu miezi minne baadaye ikamuua na yeye. Kati ya vijana 125,000 hivi waliorushwa kwenye hizo ndege za mabomu za Uingereza na washirika walikufa 55,573, yaani unapanda basi na watu mia, 44 hawarudi. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa vyote viwili, Harlo na wale wanawake wa Neheim, anaelewa. Tunaodhani hawezi ni sisi.

Hoja ya tatu ni hela, na hii ndo ya kweli, zile mbili zilikuwa za kupambia. Basi moja la shule na dereva wake kwa siku moja halifikii gharama ya didjei na ukumbi, waweka hazina mnazo risiti mnajua. Nanton siyo mbali, ni kama saa moja kutoka Calgary. Wa Edmonton mtalalamika, haya, nyie mkitaka tangulieni siku moja mlale kwa ndugu, si mnafanya hivyo kwenye harusi? Chakula akina mama wabebe chapati na chai kwenye chupa, baridi ya Novemba siyo ya kuchezea, watoto waje na buti na glavu, siyo vile viatu vya sherehe. Ratiba ya ibada yao ya siku hiyo tuiulizie mapema kwa wenyewe tusije tukaingia kama tumevamia. Vazi la kawaida tu, sare za kitenge tuziache nyumbani safari hii.

Na pale tukishamaliza kwa Harlo na Lorne, kila familia yenye mtu wa Keya imtaje jina. Kwa sauti, mbele ya watoto. Siyo mengi tunayoomba, kwa sababu wenzetu wamechongewa kwenye graniti na sisi tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina popote. Wapagazi wa Kariakoo, wale wabeba mizigo wa jeshi la Mwingereza, wamo humo. Kwa hiyo sisi tunajua uchungu wa jina kutoandikwa kuliko mtu yeyote, na ndo maana linaponiuma zaidi ni kuona jina limeandikwa, liko njiani, tunalipita kila wiki tukienda kujaza mafuta na hatushuki.

Nimeongea na madereva wenzangu kadhaa, wako tayari kuacha safari za siku hiyo waje kusaidia kuongoza watoto. Nimeongea na mwalimu wa Kiswahili wa Jumamosi, amesema atawaandalia watoto habari ya Harlo kwa Kiswahili rahisi wiki mbili kabla, wasome kwa zamu. Kilichobaki ni nyie.

Kikao kijacho naomba hili liwe ajenda namba moja, mara tu baada ya sala na kusoma mihutasari. Msiliweke kwenye mengineyo, manake mengineyo huwa tunayafikia saa tano usiku, watu wameshavaa makoti na aliyeshika funguo za ukumbi anazima taa.

Wenu katika jumuiya,
Dereva wa njia ya kusini